Mraba wa Gatluak

Kazi yangu ni kuchora koo za watu. Nikiulizwa na kujibu hivyo watu hudhani nafanya mzaha, lakini ndiyo kazi iliyonisomesha na inayonilisha mpaka leo. Natafiti magonjwa ya misuli na neva yanayorithiwa, yale ambayo mtu anazaliwa mzima, halafu nguvu zinamtoka kidogo kidogo, na ukichunguza unakuta ndugu yake naye zinamtoka. Kabla ya damu na mashine, kwanza nachora. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mgonjwa anapakwa wino mweusi, marehemu anapigwa mstari wa mshazari. Ukimaliza, karatasi yenyewe inakuonyesha ugonjwa ulipita kwa nani. Nilikuwa hodari wa karatasi hizo, na nilijijua kuwa hodari, jambo ambalo ndilo baya zaidi.

Naitwa Akiru Ekaale, mzaliwa wa Lodwar, mtaa wa Nawoitorong. Mwaka 2012 nilirudi nyumbani baada ya miaka mitano ng'ambo nikiwa na shahada, mashine ya kupima umeme wa misuli ndani ya sanduku la bati, na kichwa kilichovimba kiasi kwamba mama yangu aliniuliza kama bado naweza kupita mlangoni. Nilikuwa na mradi wangu, gari langu la mradi na fomu niliyoitunga mwenyewe, kurasa nne. Niliipenda fomu ile kama mtoto wa kwanza.

Mwezi wa nane nilienda kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mwenyeji wangu alikuwa Onésphore, Mkongo wa Bukavu, mhudumu wa afya aliyezijua njia zote za kambi na aliyevaa shati lililopigwa pasi hata siku za vumbi la kuziba macho. Alikuwa ameniambia kuna familia ya Wanuer yenye vijana wawili ambao, kwa maneno yake, wanachoka kabla hawajafanya kitu. Alinipeleka kwao asubuhi yangu ya kwanza.

Mama wa nyumba aliitwa Nyariek, mrefu, mkimya, mtu wa kukutazama mpaka umalize kujieleza ndipo aamue kama ulikuwa na maana. Binti yake mkubwa, Nyamal, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne palepale kambini, na Kiswahili chake kilikuwa chepesi kuliko changu, kwa hiyo yeye ndiye aliyetutafsiria. Alikuwa mchumba wa mtu, mwalimu kijana aitwaye Gatwech, na wazee wa pande mbili walikuwa wamefika mbali katika mazungumzo ya mahari. Nyamal hakunieleza habari hizo, lakini nilizisikia zote kabla sijamaliza chai, maana Onésphore hana kifua cha kuweka siri nzuri.

Wagonjwa walikuwa wadogo zake. Wiyual alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa refa wa mpira wa mtaa wao, refa wa kukaa juu ya mtungi wa plastiki na kupiga filimbi, kwa kuwa kusimama dakika tisini hakuwezi. Akitaka kuinuka alisukuma magoti yake kwa mikono kama mzee. Kope zake zilikaa nusu zimefunga, na akinyoosha mikono vidole vya katikati vilining'inia. Yien, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameanza kufuata njia ileile. Alikuwapo pia ami yao, mzee Reath, ndugu ya marehemu baba yao. Yeye ndiye aliyetumiminia chai, akiliinua birika kwa mikono miwili na kututazama akiwa ameinua kidevu juu. Nilijiambia huyu ni mzee wa maringo, nikafungua fomu.

Niliuliza jina la baba wa watoto. Nyariek akasema Gatluak. Yu hai? Alifariki. Alikuwa na afya? Hapo mama yule akanyooka pale alipokaa, akasimulia kwa kirefu, na Nyamal akatafsiri kwa fahari: Gatluak aliyevuka mto Sobat uliofurika akiwa na ndama mabegani, akarudi, akavuka tena na ndama wa pili. Nikaandika "mzima." Nikachora mraba wake, nikaupiga mstari. Nikachora duara la Nyariek. Chini yao miraba miwili myeusi, na duara moja jeupe la Nyamal. Mchoro ulikuwa safi kabisa, sawa na ule wa darasani. Wanaume peke yao wanaugua, baba ni simba, binti ni mzima: ugonjwa wa kunyauka misuli, ule ambao mama hubeba bila kuumwa na kuwapa wanawe. Hauna dawa. Wachache huvuka miaka thelathini.

Nilichukua damu ya mama na watoto wake watatu, kwa sababu ndio utaratibu, na damu ile ilipaswa kusafiri mpaka maabara ya ng'ambo na kurudi baada ya miezi kadhaa. Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nilisema siku ileile, mchana uleule, huku chai haijapoa.

Nilisema ugonjwa uko katika damu ya mama. Nilisema wavulana wanauugua, na wasichana wanaweza kuubeba wasiumwe, kisha wakazaa wana wagonjwa. Nyamal akaniuliza, "Wasichana kama mimi?" Nikasema ndiyo, labda, nusu kwa nusu. Akamgeukia mama yake akatafsiri yote. Najua hakuacha kitu, kwa sababu nilimwona Nyariek akiweka kikombe chini na kuitazama mikono yake mwenyewe kama mikono ya mtu mwingine. Kisha akatafsiri tena, polepole zaidi, kwa sababu Wiyual aliomba arudie sehemu ya miaka thelathini.

Kesho yake Nyamal alimfuata Gatwech shuleni akamwambia. Hakuna aliyemtuma. Alisema hawezi kuolewa huku ameficha jambo. Gatwech aliwaambia wajomba zake, na wajomba wakasimamisha mazungumzo. Hawakusema hapana, walisema kwanza wasubiri, na kwa mambo ya mahari kusubiri ni hapana iliyovaa shati safi. Habari hizo nilizipata kwa simu ya Onésphore nikiwa nimesharudi Lodwar. Niliumia. Nililala vibaya siku tatu, nikajiambia ukweli ni ukweli, na kazi yangu ni kuusema. Sasa nikikumbuka nilivyojiliwaza natamani kujizaba kofi.

Mwezi wa kumi, siku moja asubuhi, nilikuwa nyumbani kwa mama yangu Nawoitorong nikitandaza michoro yangu mezani ili niinakili upya kwa wino mzuri. Mama, Nabei, alikuwa chini kwenye mkeka akisuka kikapu cha majani ya mkoma. Hajui kusoma, lakini michoro yangu anaipenda, anasema inafanana na alama tunazowapiga ngamia. Kila mara hudai nimweleze: huyu ni nani, huyu amezaa nani. Nikamweleza wa Kakuma. Nilipofika kwa Gatluak akauliza alikufa lini. Nikatazama fomu. Kurasa nne, na sikuwa nimeweka mahali pa kuandika mwaka wa kifo.

"Na huyu mama," akauliza, "tangu mumewe afe anakaa na nani?"

Nikasema anakaa na ndugu ya mumewe, mzee mmoja Reath, wako boma moja.

Mama akaacha kusuka. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima, mpaka kikapu kikamponyoka. Niliuliza kuna nini, nikiwa nimeanza kukasirika, maana hakuna kinachoniudhi kama kuchekwa nikiwa kazini.

"Akiru," akasema alipopata pumzi, "Longor ungemchora wapi?"

Longor ni mdogo wetu wa mwisho. Kwenye kitambulisho chake, kwenye vyeti vyake na mdomoni mwa kila mtu ni Longor Ekaale, mtoto wa baba yangu. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Longor alizaliwa nikiwa na tisa. Mama alikuwa amebaki katika boma la baba, chini ya ndugu yake baba, kama inavyotakiwa kwetu, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walitolewa kwa jina la Ekaale, na mwanamke aliyetolewa ng'ombe kwa jina la mtu huzaa watoto wa mtu huyo, awe hai au awe kaburini. Jambo hilo nimelijua tangu nina akili. Sikuwahi kulificha na sikuwahi kulifikiria. Chuoni nilijifunza urithi wa damu, nyumbani nilijua urithi wa jina, na katika kichwa changu kile kilichovimba vitu hivyo viwili havikuwahi hata kusalimiana.

Nilisema polepole, kama mtu anayeamka, kwamba Longor ni mtoto wa baba.

"Nani amesema si wa baba yako?" mama akajibu. "Lakini baba yako alikuwa amekufa."

Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Halafu, nyuma ya aibu, nikamwona mzee Reath na birika lake la mikono miwili. Nikaona kile kidevu alichokiinua, nikakumbuka kwamba mtu ambaye kope zimemwangukia hana budi kuinua kidevu ili apate kuona chini yake. Sikuwa nimekutana na maringo. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwa mgonjwa wa tatu, nikanywa chai yake, na sikumchora popote. Nilipiga kelele pale mezani, mama akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Kesho yake nilikuwa njiani kwenda Kakuma. Mwendo wote nilitunga maswali kichwani, na kila swali lilikuwa la matusi kuliko lililotangulia. Unamwulizaje mama mtu mzima, mbele ya watoto wake, kwamba ni nani hasa aliyewazaa? Nilimweleza Onésphore wasiwasi wangu tukiwa tunatembea. Akanitazama kwa huruma.

"Dada docteur, uulize tu. Hawa batu hawafichake ile mambo. Ni sheria yao."

Nikauliza. Nyamal aliponitafsiria, sauti yake ilikuwa baridi, na nilistahili. Nyariek akasema maneno ambayo nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa kila daftari langu tangu siku hiyo.

"Uliniuliza jina la baba yao, nikakupa jina la baba yao. Hukuniuliza ni nani aliyewazaa."

Mzee Reath akasafisha koo. Hakuwa na aibu hata chembe. Alieleza kwamba kaka yake aliuawa mwaka wa themanini na tisa kabla hajapata mtoto, na mtu asiye na mtoto jina lake hufa mara ya pili. Yeye akaingia nyumba ya kaka yake, akamzalia watoto watatu. Sasa jina la Gatluak linaitwa kila asubuhi shuleni mwalimu anaposoma majina. Alisema hivyo kwa fahari, na fahari ile ilikuwa haki yake.

Nilimwomba mzee atazame bati la paa bila kushusha macho. Nikahesabu. Sikufika arobaini, kope zake zikaanza kuteremka, kushoto kisha kulia, mpaka zikafunga. Nikamwomba anyooshe mikono, na vidole vya katikati vikaning'inia vilevile kama vya Wiyual. Yien aliyekuwa amesimama mlangoni akanyoosha vyake akavilinganisha, akasema kitu kwa Kinuer, na kila mtu akacheka isipokuwa mimi niliyekuwa nahangaika kuandika.

Tangu lini? Tangu ujana, mzee akasema. Walipokuwa wakichunga, wenzake walimwita msinziaji. Jioni mkuki ulimshinda, asubuhi aliurusha kama wengine. Umri wake? Alama za paji la uso alichanjwa mwaka wa mafuriko makubwa. Tukapiga hesabu mimi na Nyamal, tukapata miaka sitini na kitu. Alitembea kwa miguu kutoka kwao Nasir mpaka Ethiopia, akarudi kwa miguu risasi zilipoanza, na baadaye akaja mpaka Kakuma. Na huko nyumbani, kwa mke aliyemwoa kwa jina lake mwenyewe, ana watoto sita, wawili wao wanachoka.

Wiyual aliniuliza kwa Kiswahili, bila kupitia kwa dada yake, "Kwa hivyo mimi naweza kuwa mzee?"

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia ugonjwa niliomtajia si huu, nilikosea, na kama anataka kujua huu unakwenda vipi asinitazame mimi, amtazame ami yake. Akamtazama. Alimtazama kwa muda, kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Hata huo upara?" akauliza.

Nikasema upara si idara yangu. Akacheka kwa namna ambayo sikuwa nimemsikia akicheka, na mama yake, ambaye hakuelewa neno hata moja, akaanza kucheka pia kwa sababu mtoto wake anacheka.

Nikafungua sanduku la bati. Mashine yangu ni rahisi kueleza. Unaigusa neva ya mkono kwa umeme mdogo, na msuli unajibu. Kwa mtu asiye mgonjwa, pigo moja jibu moja, na kwenye kioo kinatokea kilima kimoja. Kuna ugonjwa mmoja adimu, usiochagua mwana wala binti, ambapo mlango kati ya neva na msuli unachelewa kujifunga, kwa hiyo pigo moja linajibiwa mara mbili, na msuli unaoitikia kila kitu mara mbili huchoka mapema. Mzee Reath: vilima viwili. Wiyual: viwili. Yien: viwili. Mashine hii nilikuwa nayo mwezi wa nane. Ilikaa garini, kwa sababu nilikuwa na hakika.

Nilipoanza kukunja nyaya, Nyamal akaketi mbele yangu akaweka mkono wake mezani. Alikuwa hajaniambia neno lake mwenyewe tangu asubuhi, ila kutafsiri ya wengine. Nikamweleza kwamba mashine si mwisho wa maneno, damu ndiyo itakayosema, na mara hii nitaisubiri hata ikichukua mwaka. Akasema anajua, nipime. Nikaigusa neva yake. Kilima kimoja. Nikapima tena. Kimoja. Akaniambia nirudie mara ya tatu, na Onésphore, aliyekuwa ameinama juu ya bega langu mpaka nikanusa sabuni ya shati lake, akahesabu kwa sauti: moja. Nyamal akauvuta mkono wake akausugua pale umeme ulipouma. Hakusema asante, na sikuitegemea.

Kabla sijaondoka nilichukua damu ya mzee Reath, iifuate ya wengine maabara, kisha nikachora upya, na Nyariek akakaa karibu kusimamia. Nilitaka kuuweka mraba wa Reath mahali pa baba. Akanizuia kwa kidole. Gatluak akae alipo, alisema, na Reath umweke pembeni yake, mchore mstari wako mwingine kama unautaka. Nikachora mstari wa nukta nukta. Mchoro huo umepita mbele ya maprofesa wengi tangu wakati ule, na kila mmoja ameuliza kwa nini mgonjwa mkuu ametundikwa pembeni. Nawaambia nilivyoelekezwa na mwenye ukoo.

Dawa ilipatikana, na hapo ndipo kichekesho kilipo. Vidonge vinavyosaidia kuufunga mlango ule wa msuli ni vilevile wanavyopewa watu wenye ugonjwa wa huzuni. Niliwaandikia walimu wangu wa ng'ambo kuhakikisha, nikakubaliana na daktari wa kliniki, tukaenda dirisha la dawa na cheti cha watu watatu. Mtoa dawa alikisoma cheti, akamtazama mzee Reath kwa upole, akamuuliza huzuni ilimwanza lini. Mzee aliposikia tafsiri alikasirika. Alisema yeye hana huzuni, hajawahi kuwa nayo, na kama wanatafuta mtu wa huzuni waende kwa jirani yake anayeishi na mama mkwe. Ilibidi Onésphore azungumze kwa dakika kumi ndipo mzee akakubali kumeza, na hata hivyo alimeza akinung'unika.

Wiki za kwanza hazikuleta kitu. Mwezi wa kumi na mbili Nyamal alinitumia ujumbe wa maneno matatu: Wiyual amebeba maji. Mwezi wa kwanza nilikwenda kujionea, nikamkuta refa amesimama. Alisimama kipindi kizima cha kwanza, akakosea maamuzi mawili, akatukanwa na pande zote mbili, na alikuwa na furaha kuliko mtu yeyote uwanjani. Yien alikuwa amepanda juu ya paa la jikoni na mama yake alikuwa akimtishia fimbo ashuke, huku machozi yakimtoka. Mzee Reath sasa aliweza kufungua macho yote mawili mpaka jioni, na lalamiko lake lilikuwa kwamba ameanza kuona jinsi nyumba ilivyo chafu. Nilirudi Lodwar siku hiyo nikiimba peke yangu garini, mimi ambaye hata kanisani huwa nachezesha midomo tu.

Majibu ya damu yalikuja mwezi wa tatu, baada ya uchaguzi. Niliyasoma mara nne. Reath, Wiyual na Yien wanao. Nyariek hana. Nyamal hana. Nikawasha gari.

Nilimkuta Nyamal akianika nguo nyuma ya nyumba. Nikamwambia palepale, kwa sababu sikuweza kungoja hata amalize shuka iliyokuwa mkononi. Alijifunika uso kwa shuka ile mbichi, akabaki hivyo, mabega yanacheza, na nilishindwa kujua kama analia au anacheka mpaka alipoitoa. Alikuwa akifanya yote mawili. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: Gatwech alikuwa amewasumbua wajomba zake miezi yote hiyo, hakuwapa nafasi ya kupumua, na Jumamosi walikuwa wanakuja kuyafufua mazungumzo. Walikuwa wameomba daktari awepo.

Nikasema basi ni bahati iliyoje, nitawaambia.

"Usiwaambie," Nyamal akasema. "Waje wakijua labda ninao. Nikiwaambia leo watakuwa wamechagua karatasi yako. Mimi nataka nijue kama wamenichagua mimi."

Nilibishana naye. Nilimwambia anacheza na moto, wazee wakikataa je. Akasema wakikataa atakuwa amejua, na akaendelea kuanika nguo. Majibu yalikuwa yake na siri ilikuwa yake. Nilimpa neno langu, nikiwa na hasira, hofu na heshima vyote kwa pamoja.

Jumamosi tulikaa chini ya turubai, wanaume wa pande mbili wakitazamana. Wiyual ndiye aliyenitafsiria, na alisimama tangu mwanzo mpaka mwisho ingawa viti vilikuwepo. Niliomba kusema kitu kwanza. Nilimwelekea Nyariek, aliyekuwa amekaa na wanawake karibu na jiko, nikasema mbele ya wote kwamba mwaka uliopita nilisema ugonjwa ni wa damu yake, na haikuwa kweli. Nilisema sikuuliza vizuri na sikusubiri, na kwamba naomba msamaha wake. Wiyual alitafsiri kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nyariek aliinua mkono mmoja tu, kama mtu anayemfukuza nzi, na kila mtu akaelewa kuwa limekwisha.

Kisha mjomba mkubwa wa Gatwech akaniuliza lile nililolihofia: msichana anao au hana?

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Niliuma meno. Nikasema habari ya mwili wa mtu ni yake, na mimi siyo wa kuitangaza. Wazee wakatazamana, na nikaona mambo yanaanza kuteleza, na kwa pembe ya jicho nikamwona Nyamal amesimama mlangoni pa jikoni hajitikisi.

Mzee Reath akainuka. Aliinuka bila kushika magoti. Akasema kama wanataka kuuona ugonjwa wenyewe, ndio huu, umesimama mbele yao. Umechunga ng'ombe miaka yote, umetembea nchi tatu, umezaa watoto sita kwa jina lake na watatu kwa jina la kaka yake, na leo umeamka kabla jogoo hajawika, ukafagia mahali walipokaa. Akawauliza ni nani kati yao asiyeumwa na kitu. Mmoja alikuwa na mgongo, mwingine hana meno, na huyo mjomba mkubwa alikuwa na sukari, kila mtu alijua. Vicheko vikaanza nyuma vikaja mbele.

Gatwech, ambaye kwa desturi hakupaswa kufungua mdomo siku kama hiyo, akasema, "Kama anao, nitamkumbusha kumeza vidonge."

Wazee wake wote walimgeukia wakamkaripia kwa utovu wa adabu. Walimkaripia kwa muda mrefu na kwa raha, na walipochoka kumkaripia wakarudi kwenye habari ya ng'ombe kana kwamba haikuwahi kukatizwa. Wanawake wakapiga vigelegele kabla hata hawajaambiwa. Nilimtafuta Nyamal kwa macho, nikainua nyusi kumuuliza kama sasa naweza kusema. Akatikisa kichwa, hapana, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Nyamal mwenyewe alimwambia Gatwech kwamba hana, baada ya wiki mbili. Gatwech alinipigia simu Lodwar siku hiyohiyo, amekasirika kwelikweli, akaniuliza nilikaaje kimya pale chini ya turubai wakati nilikuwa najua, na yeye hajapata usingizi kwa miezi. Nilimwacha aseme yote. Kisha nikamuuliza, kama angejua, ni neno gani angelibadilisha. Akasema hakuna, ila angekuwa amelala.